Baka Jeupe kwenye Zoloto: Sababu Adimu Zisizo za Saratani na Wajibu wa Istilahi za Kiswahili katika Kuzieleza

Ikisiri

Makala haya yanafafanua sababu adimu, zisizo za saratani, zinazoweza kuleta mabaka meupe kwenye zoloto la binadamu, na kuchunguza namna Kiswahili kinavyoweza kuzieleza bila kumtia mgonjwa hofu isiyo na msingi wala kumpa faraja isiyo ya kweli. Hoja kuu ni kwamba weupe ni rangi, si ugonjwa. Na kwamba weupe huo hutokea kwa njia nne tofauti ambazo Kiswahili tayari kina maneno ya kuzitenganisha: utando, sugu, fundo na kovu. Makala yanapendekeza neno baka litumike kama istilahi jumuishi isiyotoa hukumu, na maneno hayo manne yatumike kubainisha aina. Aidha, yanajadili hatari ya kutafsiri hali isiyo ya saratani kwa neno salama, na umuhimu wa kuangalia upeo wa ukanushi pale majibu ya maabara yanapotolewa kwa mgonjwa.

Maneno ya msingi: zoloto, nyuzi sauti, baka, utando, istilahi za tiba, mawasiliano ya daktari na mgonjwa

1.0 Utangulizi

Mtu anapoambiwa kwamba kuna "kitu cheupe" kooni mwake, maneno mawili hayo huweza kubeba mzigo mkubwa kuliko uchunguzi wenyewe. Katika nchi zetu, usemi "kansa ya koo" hutumika kwa upana sana. Wapo wanaoutumia kwa saratani ya zoloto, wapo wanaoutumia kwa saratani ya sehemu ya nyuma ya kinywa, na wapo wengi wanaoutumia kwa saratani ya umio, yaani koo la chakula. Hii ya mwisho inajulikana mno katika ukanda unaoanzia Ethiopia, kupitia Kenya, Uganda, Tanzania na Malawi, hadi Afrika Kusini. Familia nyingi za ukanda huo zimewahi kumzika mtu aliyeshindwa kumeza hata maji. Kwa hiyo, neno koo likikutana na neno doa, msikilizaji hahitaji kuelezwa zaidi. Hitimisho analo tayari.

Hitimisho hilo mara nyingi si sahihi. Mapitio yaliyochapishwa mwaka 2008 na Isenberg na wenzake, yaliyokusanya zaidi ya sampuli 2,000 za mabaka meupe ya zoloto, yalionyesha kwamba zaidi kidogo ya nusu hazikuwa na mabadiliko yoyote ya seli yanayoashiria kuelekea saratani. Sehemu kubwa ya mabaka hayo hutokana na mambo yanayofahamika, hasa moshi wa tumbaku, pombe, kucheua kwa asidi ya tumbo na matumizi mabaya ya sauti. Hata hivyo, lipo kundi dogo la sababu ambazo ni adimu, si saratani, na zinahitaji tiba tofauti kabisa. Kundi hilo ndilo linaloshughulikiwa hapa.

Makala haya yameandikwa na mtafiti wa lugha, si tabibu. Maelezo ya kitabibu yaliyomo ni yale ambayo wataalamu wa masikio, pua na koo wamekwisha kuyakubali, nayo hayachukui nafasi ya uchunguzi wa daktari. Mchango unaokusudiwa ni wa lugha: kuonyesha kwamba maelezo hayo yanaweza kutolewa kwa Kiswahili kwa usahihi, na kwamba pale yanapotolewa vibaya, anayelipa gharama ni mgonjwa.

2.0 Zoloto na Majina Yake

Kwa wanafonetiki, zoloto si kiungo kigeni. Ndiyo sanduku la gegedu lililo juu ya koo la hewa, ambamo nyuzi sauti hukaribiana na kutetema ili kutoa sauti ghuna. Tofauti kati ya [b] na [p], au kati ya [z] na [s], huanzia hapo. Nje ya darasa la fonetiki, hata hivyo, majina yake hayajatulia. Vitabu mbalimbali hutumia zoloto, kongomeo na koromeo, na wakati mwingine jina lilelile hutajwa kwa kiungo kingine. Mtu wa kawaida hutumia koo kwa vyote: njia ya hewa, njia ya chakula na mahali sauti inapotokea.

Tukivuka mipaka, tatizo huongezeka. Kwa msemaji wa Kinyarwanda au Kirundi, koo ni umuhogo. Neno hilo likiingia katika Kiswahili chake kama muhogo, muuguzi kutoka pwani atasikia jina la chakula. Kwa msemaji wa Kiganda, omumiro ni neno lenye uhusiano na kumeza, na kwa hiyo huelekeza mawazo kwenye njia ya chakula kuliko njia ya hewa. Mgonjwa anayesema kwa Kiswahili cha kwake kwamba "anaumwa koo" huenda anataja mahali tofauti na pale daktari anapopaelewa. Swali la kwanza la busara katika chumba cha daktari, basi, si "unaumwa wapi?" pekee, bali ni maswali matatu: Je, sauti imebadilika? Je, kumeza kuna shida? Je, kupumua kuna shida? Majibu hutenganisha viungo ambavyo neno koo limeviunganisha.

Istilahi nyuzi sauti nayo inastahili neno. Imekubalika, na si nia ya makala haya kuiondoa, lakini inaleta picha ya nyuzi za zeze zilizovutwa kutoka upande mmoja hadi mwingine. Kwa kweli, hizi ni mikunjo miwili ya nyama laini, ambayo kwa mtu mzima urefu wake hauzidi sana sentimita 2, iliyofunikwa na ngozi nyororo yenye unyevu. Chini ya ngozi hiyo kuna tabaka laini kama uji mzito, kisha kano, kisha msuli. Mikunjo hiyo hutetema takribani mara 100 hadi 130 kwa sekunde kwa wanaume wengi na karibu mara 200 kwa wanawake wengi. Kinachotetema zaidi ni ile ngozi na lile tabaka laini. Ndiyo maana baka dogo mno, ambalo mahali pengine mwilini lisingetambuliwa, likikaa hapo huharibu sauti: mikunjo haikutani sawasawa, hewa huvuja, na sauti huwa ya kukwaruza au hukauka kabisa.

Inafaa kukumbuka kwamba aliyefungua njia ya kuyaona haya hakuwa daktari. Mwaka 1854, Manuel García, mwalimu wa uimbaji mwenye asili ya Hispania, alitumia vioo viwili na mwanga wa jua kulitazama zoloto lake mwenyewe likifanya kazi, na mwaka 1855 matokeo yake yakawasilishwa mbele ya Royal Society ya London. Uchunguzi wa zoloto, tangu mwanzo wake, ni uwanja ambamo watu wa sauti na lugha na watu wa tiba wamekutana.

3.0 Weupe Hutoka Wapi?

Katika hali ya afya, nyuzi sauti huonekana zenye weupe wa lulu, laini na zinazong'aa, na sehemu nyingine za zoloto ni za waridi. Baka linalozungumziwa hapa ni weupe ulio tofauti na huo: mkavu, mzito, wenye mipaka, au ulioinuka. Weupe wa namna hiyo huweza kutokea kwa njia nne.

(a) Kitu kimewekwa juu ya ngozi. Kinaweza kuwa makohozi mazito, kuvu, au mchanganyiko wa seli zilizokufa na majimaji ya kidonda. Huu ni utando, kama ule unaojitanda juu ya maziwa yaliyopoa.

(b) Ngozi yenyewe imenenepa. Ngozi ya nyuzi sauti kwa kawaida haina keratini, ile protini inayojenga kucha na ngozi ngumu ya kisigino. Ikisumbuliwa kwa muda mrefu, huanza kuitengeneza ili kujikinga. Keratini ikilowa maji huwa nyeupe, jambo linalofahamika na kila aliyeshinda akipanda mpunga kisha akaziangalia nyayo zake. Hii ni sugu.

(c) Kitu kimo chini ya ngozi. Ngozi ya juu ni nzima, lakini chini yake pana mkusanyiko unaoonekana mweupe au wa manjano hafifu. Hili ni fundo.

(d) Tabaka laini limepotea na mahali pake pamekaa nyuzinyuzi ngumu zisizo na mishipa mingi ya damu. Hili ni kovu.

Mgawanyo huu unaleta faida ya kisarufi ambayo lugha nyingi hazina. Kiswahili hutofautisha -po, -ko na -mo. Tunaweza kusema kwamba utando upo juu ya uzi sauti, na kwamba fundo limo ndani yake, na msikilizaji akaelewa tofauti bila mchoro. Daktari anayesema tu kwamba "kuna kitu" ameiacha bure zana hiyo.

4.0 Sababu Adimu Zisizo za Saratani

4.1 Utando

Sababu ya kwanza ni kuvu aina ya kandida. Kuvu hawa huishi vinywani mwa watu wengi bila kuleta madhara. Hustawi kupita kiasi kinga inaposhuka, kama kwa watu wenye VVU wasiopata tiba, kwa wenye kisukari kisichodhibitiwa, kwa waliopigwa mionzi shingoni, au kwa waliotumia viuavijasumu kwa muda mrefu. Lipo kundi jingine ambalo husahaulika: watu wenye pumu wanaotumia dawa za kuvuta zenye steroidi. Sehemu ya dawa hiyo, badala ya kufika mapafuni, hutua kwenye zoloto na kupunguza kinga ya mahali hapo. Huenda kuvu wakaota kwenye nyuzi sauti peke yake, kinywa kikiwa safi kabisa, na hapo ndipo daktari huweza kulidhania baka la kuvu kuwa dalili ya saratani.

Mgonjwa wa namna hii anaweza kuamini kwamba pumu ndiyo inayomkausha sauti, akaongeza kuvuta dawa, na hivyo kuwalisha kuvu. Tiba yake ni dawa za kuua kuvu, ambazo kwa kawaida humezwa kwa wiki kadhaa, pamoja na kurekebisha namna ya kuvuta dawa ya pumu: kutumia chupa ya kupitishia dawa, na kusukutua kinywa na koo kwa maji kila baada ya kuvuta. Asiiache dawa ya pumu kwa uamuzi wake, kwa kuwa pumu isiyotibiwa huua.

Utando wa pili ni ule wa dondakoo. Bakteria wake hutoa sumu inayoua seli za ngozi, na mabaki yake hujenga utando wa kijivu au mweupe ulioshikamana kwa nguvu. Ukibanduliwa, damu hutoka. Ukishuka hadi kwenye zoloto la mtoto, huweza kuziba njia ya hewa, na sumu yake huharibu moyo na neva. Chanjo imeufanya ugonjwa huu uwe adimu, lakini hurudi pale chanjo inapolegea.

Utando wa tatu hutokana na kaswende katika hatua yake ya pili, ambapo mabaka ya kijivu meupe hutokea kwenye ngozi laini za kinywa na, kwa nadra sana, kwenye zoloto. Hutibika kwa penisilini.

Hatimaye kuna vidonda vinavyofuata mafua makali na kikohozi kisichokoma. Nyuzi sauti hugongana kwa nguvu mpaka ngozi ya katikati ikachubuka pande zote mbili, na juu ya mchubuko huo ukajitanda utando mweupe au wa manjano. Sauti huweza kupotea kwa wiki nyingi, hata miezi. Tiba yake kuu ni subira: kupumzisha sauti, kutuliza kikohozi na kuzuia asidi ya tumbo. Kisu cha daktari hapa huweza kuleta kovu lisilofutika. Huu ni mfano bora wa kwa nini jina sahihi ni muhimu. Anayedhani ana saratani hudai akatwe haraka, ilhali salama yake iko katika kunyamaza na kungoja.

4.2 Sugu

Sugu nyingi za zoloto hutokana na tumbaku na vichochezi vingine vilivyotajwa, na miongoni mwake zimo zile zinazoweza kugeuka saratani kadiri miaka inavyopita. Sugu adimu ni zile ambazo ngozi imenenepa kwa sababu ya ugonjwa mwingine ulio chini yake. Maambukizi fulani huichochea ngozi ikue kuelekea chini kwa vidole virefu vinavyofanana mno na saratani inayoanza. Wanapatholojia huijua hali hii, nasi tunaweza kuiita unene wa kuigiza saratani.

Kifua kikuu cha zoloto kimo katika kundi hili. Kinakadiriwa kuwa chini ya asilimia 1 ya wagonjwa wa kifua kikuu, lakini katika nchi ambazo kifua kikuu bado ni ugonjwa wa kila siku, asilimia hiyo ndogo ni watu halisi. Huweza kuonekana kama wekundu, kidonda, uvimbe, au baka jeupe upande mmoja, na dalili yake kuu ni sauti kukauka. Mara nyingi mapafu nayo yameathirika. Mgonjwa huyu huambukiza kwa urahisi, kwa kuwa kukohoa kwake, na hata kuzungumza kwake, husambaza vimelea. Akitibiwa kwa dawa za kawaida za kifua kikuu, kwa kawaida kwa miezi 6, zoloto hupona, na mara nyingi sauti hurudi.

Kuvu wa ndani zaidi, kama histoplasma, nao huleta picha ya aina hiyo, hasa kwa watu ambao kinga yao imeshuka. Vivyo hivyo uvimbe adimu uitwao uvimbe wa seli za chembechembe, ambao si saratani katika idadi kubwa ya visa, hufunikwa na ngozi iliyonenepa kiasi cha kumpotosha mwanapatholojia aliyepewa kipande cha juu juu tu.

4.3 Fundo

Kwa mtu wa lugha, sababu inayovutia zaidi ni ile iliyoelezwa na watafiti wa Japani katika miaka ya 1990 na kupewa jina la mwanzi. Kwa baadhi ya wagonjwa, wengi wao wanawake, wenye magonjwa ambayo kinga ya mwili huushambulia mwili wenyewe, kama vile lupasi na baridi yabisi, hutokea mistari myeupe au ya manjano hafifu inayokata uzi sauti kwa upana, katikati ya urefu wake. Anayetazama kwa kamera huona kitu kama vifundo vya mwanzi. Kiswahili hakina haja ya kukopa hapa: mwanzi una pingili, na kati ya pingili na pingili pana kifundo. Istilahi vifundo vya mwanzi inajitosheleza, na mkulima wa Rungwe au wa Bujumbura Vijijini ataiona picha yake mara moja.

Uzito wa jambo hili hauishii kwenye jina. Wakati mwingine sauti ya kukwaruza ndiyo dalili inayomfikisha mgonjwa kwa daktari kabla viungo havijavimba wala figo hazijaathirika. Daktari anayevitambua vifundo hivyo huagiza vipimo vya damu, na ugonjwa mkubwa hugunduliwa mapema kupitia kiungo kidogo.

Mafundo mengine ni vifuko vilivyojaa keratini chini ya ngozi, vyeupe kama punje ya mchele, ambavyo huathiri mara nyingi watu wanaotumia sauti sana: walimu, waimbaji, wahubiri na wachuuzi. Pia kuna amana za protini iitwayo amiloidi, ingawa hizi huelekea zaidi kwenye rangi ya manjano.

4.4 Kovu, na Ngozi Inayojichubua

Kovu la uzi sauti hufuata upasuaji, bomba la kupumulia lililokaa muda mrefu, mionzi au jeraha. Huonekana jeupe na gumu, na sehemu hiyo haitetemi. Karibu na kundi hili kuna magonjwa adimu ya ngozi, kama pemfigasi, ambamo kinga ya mwili hukata viungo vinavyoshikanisha seli. Malengelenge hutokea, hupasuka, na kuacha vidonda vilivyofunikwa na weupe, kwa kawaida kinywani kwanza, kisha pengine kwenye zoloto. Mgonjwa aliye na vidonda vya kinywa visivyopona pamoja na sauti iliyokauka anapaswa kuvitaja vyote viwili, hata kama anadhani havihusiani.

5.0 Njia ya Kutambua, na Onyo la Mwaka 1887

Utambuzi hufuata hatua zinazoeleweka. Kwanza ni historia: tumbaku, pumu na dawa zake, kikohozi, kupungua uzito, magonjwa ya viungo, vidonda vya kinywa. Pili ni kutazama zoloto kwa kamera nyembamba, na kumwomba mgonjwa akohoe au ameze mate, kwa kuwa makohozi yatasogea lakini baka litabaki. Tatu, pale shaka inapobaki, ni kuchukua kipande kidogo cha nyama na kukipeleka maabara, kikiwa kimeambatana na maelezo ya kutosha ili mwanapatholojia atumie rangi za kutafuta kuvu na vimelea vya kifua kikuu, na asiishie kutafuta saratani peke yake. Kanuni ya jumla inayofaa kujulikana na kila mtu ni hii: sauti iliyokauka kwa zaidi ya wiki 3 hadi 4 bila kurejea inahitaji zoloto litazamwe, na mapema zaidi kwa mvutaji wa tumbaku, au kukiwa na shida ya kupumua, kumeza, au uvimbe shingoni.

Kipande cha nyama nacho kina mipaka yake, na historia imetupa somo gumu. Mwanzoni mwa mwaka 1887 mrithi wa ufalme wa Ujerumani, Friedrich, alikaukwa na sauti. Madaktari wa Kijerumani walioona kiuvimbe kwenye uzi sauti wake walishuku saratani na kupendekeza upasuaji. Akaitwa Morell Mackenzie kutoka London, ambaye alichukua vipande na kumpelekea Rudolf Virchow, mwanapatholojia mashuhuri kuliko wote wa zama zile. Virchow hakuona saratani katika vipande alivyoletewa. Aliona unene wa ngozi, hali aliyoipa jina la pakidemia, yaani ngozi nene. Yeye mwenyewe alitahadharisha kwamba vipande vile havikutosha kuuhukumu ugonjwa mzima. Tahadhari hiyo haikusikika kama jibu lilivyosikika. Kufikia Novemba saratani ilikuwa dhahiri. Friedrich akawa mfalme mkuu Machi 1888, akiwa hawezi tena kuzungumza, na akafariki Juni 15 mwaka huohuo, baada ya siku 99 tu za utawala.

Tukio hili husimuliwa kama habari ya siasa na ya tiba. Sisi tunaweza kulisoma kama habari ya ukanushi. Sentensi "hakuna saratani katika kipande hiki" na sentensi "hana saratani" si sentensi moja. Ya kwanza inakanusha kuwapo kwa kitu mahali maalumu. Ya pili inakanusha hali ya mtu mzima. Katika maongezi ya hospitalini, kielezi cha mahali ndicho kinachodondoka kwanza, na kinapodondoka, mgonjwa hubeba nyumbani ahadi ambayo maabara haikuitoa.

6.0 Mapendekezo ya Istilahi

Neno ambalo tiba ya kimataifa hulitumia kwa baka jeupe, lukoplakia, limejengwa kwa mizizi ya Kigiriki yenye maana ya "nyeupe" na "bapa". Mwaka 1978 Shirika la Afya Duniani lililieleza, kwa upande wa kinywa, kuwa ni baka jeupe ambalo haliwezi kutambuliwa kuwa ugonjwa mwingine wowote. Ni jina la tunachokiona kabla hatujajua ni nini. Utohozi unaliingiza katika Kiswahili kwa sauti zake, lakini unaliacha lile la muhimu nje: mgonjwa anasikia jina zito la kigeni na kudhani amekwisha kutajiwa ugonjwa.

Tunapendekeza, kwanza, baka jeupe kama istilahi jumuishi. Baka hutaja sehemu yenye rangi tofauti na mazingira yake, bila kusema ni uvimbe, kidonda wala uozo. Doa na waa hazifai, kwa kuwa katika lugha yetu zote mbili hubeba maana ya aibu au dosari ya tabia. Pili, maneno utando, sugu, fundo na kovu yatumike pale aina inapokwisha kubainika. Kuna tahadhari moja: sugu hutumika pia kama kivumishi, kwa maana ya kisichosikia dawa. Daktari aseme "ngozi imeota sugu", asiseme "baka ni sugu".

Tatu, hali isiyo ya saratani isiitwe salama wala isiyo na madhara. Dondakoo si saratani, lakini humwua mtoto kwa siku chache. Kifua kikuu cha zoloto si saratani, lakini huweza kuambukiza nyumba nzima. Maneno "si saratani" yanatosha, na yafuatwe mara moja na sentensi inayosema ni nini na inahitaji nini. Ukanushi mtupu humwacha mgonjwa bila kazi ya kufanya.

Nne, matokeo ya maabara yatamkwe pamoja na mahali pake: "Katika kipande tulichochukua hatukuona saratani, tutalitazama tena zoloto baada ya muda fulani." Sentensi hiyo ni ndefu kidogo, lakini urefu wake ndio ukweli wake.

Kwamba istilahi za namna hii huweza kushika si ndoto. Dondakoo, kifaduro na pepopunda ni maneno ambayo mama wengi waliompeleka mtoto kliniki wameyasikia, ingawa wengi wao hawajawahi kuwaona wagonjwa wake. Hayakuenea kwa sababu ya kamusi. Yalienea kwa sababu yalisemwa na wauguzi, yakasikika redioni, na yakarudiwa mpaka yakawa ya watu. Istilahi inayobaki katika kabrasha la kongamano haijazaliwa bado.

7.0 Hitimisho

Makala yameonyesha kwamba baka jeupe kwenye zoloto huweza kuwa utando wa kuvu au wa dondakoo, sugu inayoficha kifua kikuu, kifundo cha mwanzi kinachotangaza ugonjwa wa viungo, au kovu la jeraha la zamani. Na kwamba kila kimoja kina njia yake ya tiba. Yameonyesha pia kwamba Kiswahili kina maneno na miundo ya kuyatenganisha haya kwa usahihi. Linalohitajika ni wataalamu wa lugha na wa tiba kukaa meza moja, na Kamisheni ya Kiswahili ya Afrika Mashariki pamoja na mabaraza ya nchi zetu kuhakikisha kwamba muuguzi wa Kampala, wa Kigali, wa Bukavu na wa Mombasa anatumia jina moja kwa kiungo kimoja. Kwa sasa, mgonjwa anayevuka mpaka na karatasi ya majibu mkononi analazimika kuutafsiri ugonjwa wake mwenyewe, na akikosea hana wa kumsahihisha.